Twaa, Hakinipunguzi

Bi Mize, jirani wa ukuta mmoja, anashikilia kwamba fundi Vuai hakufa. Aliisha. Na Bi Mize akisema jambo hulisema kwa mikono, kwa macho na kwa kanga aliyojitanda, na ukimkatiza huanza upya tangu alipoamka, kwa hiyo Siwatu alimwacha aseme. Yeye alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa mchele mapajani, anachambua, na kila Bi Mize alipofika mahali pa kutisha vidole vyake vilisimama, vikasubiri, kisha vikaendelea.

"Nilikuwa naanika nguo," Bi Mize alisema. "Mpokezi akapita hapa, hapa niliposimama mimi, akanisalimu vizuri tu. Viatu kavua mlangoni kwa fundi. Hodi kapiga mara tatu. Adabu zote. Na fundi mwenyewe unajua alivyokuwa amebaki: kidole gumba, kikohozi na kofia. Mpokezi akamwambia, 'Fundi, sikuweki. Nimekuja kwa kiduchu.' Fundi akajibu tunavyojibu sote. Kijiko kikashuka, kikapanda. Basi. Kofia ikabaki inazunguka sakafuni, vuruvuru, vuruvuru, kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka, na haikutulia mpaka nilipoingia nikaishika."

"Uliona kwa macho yako, Bi Mize?"

"Kwa yaliyobaki, mwanangu. Hili la kushoto walichukua chembe mwaka ule wa masika marefu. Lakini kwa kuona kofia linatosha."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa na tundu katikati, kwa maana hapo nako waliwahi kuomba.

"Sasa nyumba inayofuata baada ya fundi ni ipi?" Siwatu aliuliza, ingawa alijua.

Bi Mize akaitazama kanga yake, akaifunga upya mahali ambapo haikufunguka. "Mimi walinipitia juzi," alisema. "Ni yenu."

Mji huo uliwahi kuwa na jina. Nyumba Isiyojaa iliomba herufi moja ya jina hilo, ikapewa, ikaomba nyingine, na leo mgeni akiuliza yuko wapi watu humwonyesha ardhi kwa kidole. Yapo mengi ya kuwacheka watu wa mji huo, ila hakuna aliyewahi kuwaita wachoyo. Vitu vikubwa walinyimana kama watu wengine wote: shamba, ng'ombe, binti. Kitu kidogo hakinyimwi. Na kwa kidogo walikuwa na majina mengi, yamepangwa kama vidato vya kushukia kisimani. Juu kabisa ni konzi, kile kinachofumbatwa na kiganja. Kisha funda, linalojaza shavu. Kisha tone, maana linaweza kuanguka. Punje, maana inaweza kuota. Chenga, iliyovunjika kutoka kwenye punje na haitaota tena. Chembe, inayoonekana ikipitiwa na jua tu. Na kiduchu, ambacho hakionekani hata na jua, ila anayekiomba huinamisha kichwa, nawe ukiona kichwa kimeinama unajua kuna kitu kinaombwa. Watoto waliimba majina hayo wakiruka kamba, wakishuka, wakishuka, na aliyefika kwenye kiduchu bila kukanyaga kamba ndiye mshindi.

Mtu akija mlangoni na jina mojawapo, humuulizi la nini. Unamjibu maneno mawili: "Twaa, hakinipunguzi." Mama huwafundisha watoto maneno hayo kabla ya kuwafundisha kufunga vifungo. Ni maneno ya adabu, kama mtu anavyosema amekwisha kula na tumbo linalia. Hakuna aliyefikiri kwamba ipo siku atatokea wa kuyasadiki.

Nyumba Isiyojaa ikayasadiki.

Ilisimama ng'ambo ya mji, mahali ambapo macho hufika ila miguu haifiki, na watu wake waliitwa Wapokezi. Mwanzoni walikuja kama majirani. Punje ya chumvi. Tone la mafuta. Nani angekataa? Kila Mpokezi alibeba kijiko cha pembe, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kijiko hicho kilichekesha watu: Nyumba kubwa namna ile, na kijiko cha kulishia sisimizi! Kisha ikawa chembe ya kivuli. Kisha chenga ya sauti. Kutoka kwa Siwatu walikuwa wamechukua ladha ya ukwaju, chembe ya kivuli chake cha utotoni, jina la shangazi yake mmoja, na Jumanne moja, ambayo iliacha pengo kama la jino katika wiki yake, na ulimi wake ulikuwa hauachi kulipapasa. Hata siku zenyewe waliziomba. Waliomba nukta moja katika kila siku, mji ukasema twaa, na tangu hapo adhuhuri haifiki: asubuhi hukatika ghafla, na jua la alasiri linakuwa tayari limekaa juu ya mapaa kama mtu aliyeingia bila hodi.

Haba na haba, walisema wazee, hujaza kibaba. Kweli. Na hakuna aliyeuliza ni kibaba cha nani.

Bi Mize alipoondoka, Siwatu aliutikisa ungo. Kulikuwa na fungu la mchele katikati. Akachukua punje moja kwa ncha za vidole, akaiweka chini.

Bado ni fungu.

Akachukua nyingine.

Bado ni fungu. Na nyingine. Bado. Hakuna punje inayopiga kelele ikasema, mimi ndiye, ukinitoa mimi basi fungu halipo. Kila moja inasema mimi si kitu, nichukue. Zote zinasema hivyo. Na ukizisikiliza zote, unabaki na ungo.

Darasa la tatu, mwalimu alikuwa akiwafundisha kutoa. Kumi toa moja. Kumi toa mbili. Siwatu akanyosha mkono: "Mwalimu, kumi toa kiduchu?" Mwalimu alifikiri, chaki mkononi, akatazama dirishani kulikoelekea Nyumba Isiyojaa. "Kumi," akasema. Darasa zima likaandika kumi. Siwatu naye aliandika, ila mkono wake ulikuwa wa baridi, na tangu siku ile ameishi na baridi hiyo, hajamwonyesha mtu.

Mtu huanzia wapi kuisha? Ingekuwa kuna mstari, angeuchora kwa mkaa mbele ya mlango.

Aliingia ndani. Mezani palikuwa na sinia, na juu ya sinia kawa, na miguu minne ya meza ilikuwa imezungushiwa majivu ili sisimizi wasipande. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya upepo. Kuku alikuwa amefukuzwa uani tangu alfajiri, na alikuwa bado anapiga kelele za kuonewa. Siwatu alilifunua kawa upande mmoja, taratibu, kama anayefunua chungu cha uji asitake mvuke umwunguze.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

Bi Havijawa, mama yake, alikuwa mkubwa zamani. Aliwahi kumwita Siwatu kutoka kisimani na sauti ikafika sokoni, ikarudi na mabadiliko ya bei. Sasa hakuzidi andazi. Alikaa juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne, na uso wake ulikuwa uleule, mtulivu, umetandwa vizuri, wa mtu ambaye hajawahi kumfungia jirani mlango.

"Fundi Vuai ameisha, mama."

"Nimesikia. Mize angesema kwa siri ningesikia vilevile." Kasauti kake kalikuwa kama uzi unaovutwa kwenye sindano. "Kaondoka na adabu yake. Hakumnyima mtu."

"Leo wanakuja kwetu."

"Waje. Nyumba isiyopigiwa hodi si nyumba, ni stoo."

"Akiomba, usimjibu."

Bi Havijawa alijiweka sawa juu ya kitambaa. Kuku nje akanyamaza ghafla, kama aliyesikia tusi.

"Siwatu. Unataka niitwe mkavu? Umri wangu wote..."

"Umri wako wote uko kwenye kijiko, mama."

"Kidogo kidogo. Wala hakuna siku niliyoumia."

"Ndiyo hofu yangu hiyo."

Mama yake alicheka, na kutoka chini ya kawa kicheko kilitoka chembamba, bila ule mwisho wake mnene uliokuwa ukitikisa mabega. Mwisho huo waliuomba miaka mingi iliyopita. Siwatu aliukumbuka. Alikuwa amesimama pale pale.

"Nikuambie kitu bibi yako alichoniambia," mama alisema. "Nyie mnadhani kidato cha mwisho ni kiduchu. Chini ya kiduchu kuna kimoja. Lepe."

"La usingizi?"

"Siku hizi limebaki kwenye usingizi tu. Mtu anaamka anasema sikupata lepe. Zamani lilipima kila kitu: lepe la pumzi, lepe la mtu. Ni kile kinachobaki kiduchu kikishatolewa. Na chini yake hapana neno. Ukitoa lepe hakibaki kitu, na ukibaki na lepe, uko mzima."

"Kwa hiyo akifika kwenye lepe, asipojibiwa..."

"Atakuwa hana jina jingine la kuombea." Bi Havijawa aliinua uso. "Lakini nani atamwacha mtu asimame mlangoni, ameomba lepe, asijibiwe? Hata mbwa hutupiwa jiwe, mwanangu. Jiwe nalo ni jibu."

"Niahidi utanyamaza."

"Nitakuahidi nini? Ulimi wangu umebaki kiduchu, na kiduchu hicho kinajua maneno mawili."

Hapo ndipo Siwatu alipogeuka kuutazama ufa wa mlango. Maana yeye alikuwa amechungulia. Tangu utotoni alikuwa amewachungulia Wapokezi kupitia nyufa, nyuma ya mitungi, chini ya nguo zilizoanikwa, wala si kwa ujasiri. Ni kwamba mwenye hofu hataki kuangalia pembeni. Na alikuwa ameona jambo moja. Siku moja, nyumbani kwa Bi Mize, Mpokezi aliomba, na Bi Mize akashikwa na kwikwi kabla hajajibu. Kwikwi ya kwanza, ya pili, ya saba. Na muda wote ule kijiko kilining'inia hewani. Kilitetemeka. Jasho likamtoka Mpokezi kwenye kidevu. Hakikushuka mpaka Bi Mize alipopata pumzi akasema twaa. Kijiko hakikujua njia ya kushuka chenyewe. Kilishuka kwa neno.

Ukweli huo aliutunza miaka kumi na kitu. Hakumwambia mtu, kwa sababu ukweli huo ulikuwa na upande wa pili: hakuna aliyewahi kunyamaza, kwa hiyo hakuna aliyejua anayenyamaza hufanywa nini. Labda hakuna kitu. Labda mlango huanguka. Labda Nyumba Isiyojaa yenyewe husimama, ikaja kwa miguu, kuuliza.

Hodi.

Mara ya kwanza.

Siwatu angeweza kujiziba mdomo. Angeweza kuuma kanga. Lakini mama? Alifikiria kumfunga mdomo kwa kitambaa, akaona mama akikosa hewa. Akafikiria kuliweka sinia uvunguni, akamsikia kuku.

Hodi, mara ya pili.

Macho yake yakaangukia sufuria ya kiporo. Ukoko ulikuwa umeshikana na sufuria, mkavu, wa rangi ya matofali. Akaubandua kwa ukucha, akavunja chenga moja, ile ngumu kuliko zote, akainama juu ya sinia.

"Mama, hujala tangu alfajiri."

"Sina njaa."

"Ni kidogo tu. Utaninyima?"

Bi Havijawa alimtazama bintiye. Alimtazama kwa muda, na katika uso ule mdogo kulipita kitu, kama mtu anayeona mtego na kuona pia ni nani aliyeutega. Kisha akafungua kinywa, kwa sababu kitu kidogo hakinyimwi. Siwatu akaitia chenga ya ukoko mdomoni mwake, nayo ikaujaza mdomo wote, shavu hadi shavu. Mama akaanza kutafuna. Krr. Krr. Na katika mji ule, toka enzi za bibi na bibi wa bibi, mtu hasemi na chakula kinywani.

Hodi, mara ya tatu. Siwatu akalirudisha kawa.

Mpokezi aliingia miguu mitupu. Alikuwa mtu mrefu, wala hakuwa mbaya wa sura. Ubaya ungekuwa afadhali. Kivuli chake kilikuwa kimeungwaungwa viraka, hiki cheusi, hiki cha kijivu, kimoja kidogo chenye nywele zilizosukwa. Jicho lake la kushoto liling'aa kwa namna ambayo Siwatu aliijua, kwa kuwa lilikuwa likicheka kabla ya mdomo, kama la Bi Mize zamani. Alinukia ukwaju. Siwatu hakuijua harufu ile, ila mate yalimjaa mdomoni.

"Habari za hapa," alisema.

Siwatu aliitikia kwa kichwa. Kichwa si neno.

"Sikuweki, dada yangu. Najua mmefiwa na jirani. Nimekuja kwa kidogo, kwa Bi Havijawa." Akakitoa kijiko cha pembe mfukoni, akakipangusa kwa ncha ya shati kama mtu anayejiandaa kulisha mgonjwa. "Punje tu."

Chini ya kawa: krr. Krr.

Siwatu hakujibu.

Uso wa Mpokezi ulijaa haya. Alisogea nyuma nusu hatua. "Samahani," alisema, na alimaanisha. "Nimeomba kikubwa. Mtu mzima wa watu, kabaki alivyobaki, nami naingia na punje mdomoni. Chembe, basi. Chembe tu."

Kijiko kilikuwa kimenyoshwa juu ya sinia. Krr. Siwatu aliyakaza meno yake mpaka akasikia mlio masikioni. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lilikuja lenyewe, kama mguu unavyokuja mbele ukisukumwa mgongoni. Miaka yote ya malezi mema ilikuwa nyuma yake inamsukuma: sema, Siwatu, sema, usituaibishe, mtu kasimama, mtu kaomba.

Nikisema, simpotezi. Nampunguza tu. Leo chembe, atabaki. Kesho chembe, atabaki. Hakuna siku nitakayomwua. Nitaandika kumi. Kila siku nitaandika kumi.

Mpokezi alikohoa, na kikohozi kilikuwa cha fundi Vuai; kikavu, kikifuatwa na kile kijisauti cha kuomba radhi. "Dada, usinifanyie hivi," alisema. Sasa alikuwa anaogopa, naye. Jasho lilikuwa limekusanyika kidevuni. "Mimi natumwa. Sijawahi kusimama hivi. Kiduchu. Mtu hanyimi kiduchu. Tazama," akainamisha kichwa, "nimeinama."

Nje, Bi Mize alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo. Siwatu alimwona kupitia ufa wa mlango, macho yake yamekodoka, mkono umeziba mdomo. Asubuhi ilikatika, jua la alasiri likaruka juu ya paa, na kivuli cha Mpokezi kikafika ghafla miguuni mwa Siwatu, viraka vyote, na kile kidogo chenye nywele zilizosukwa kikajilaza juu ya mguu wake, kikatulia hapo, kama kinachotambua nyumbani.

Krr.

Kisha haikusikika krr nyingine.

Siwatu alisikiliza kwa mwili wote. Chenga ilikuwa imekwisha. Mdomo wa mama ulikuwa mtupu. Alisikia mama akimeza. Kitu kidogo, kama tone kuangukia majivu. Alisikia ukindu wa kawa ukiguswa na pumzi, ndani, nje, ndani. Akasubiri yale maneno mawili. Angewezaje kuyazuia? Akasubiri kijiko kishuke. Pumzi iligusa ukindu. Ndani. Nje. Bi Havijawa, ambaye umri wake wote hakumwacha mtu mlangoni, alikuwa ameketi chini ya kawa na mdomo mtupu, na hakusema.

Mpokezi naye alisikia. Aliinua kichwa. Vidole vyake juu ya kijiko vilikuwa vimebadilika rangi. Alifungua mdomo, akaufunga, kama anayetafuta chini kabisa ya mfuko kitu alichopewa zamani akaambiwa asikitumie ila akikwama. Alipoufungua tena, sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya fundi. Ilikuwa nene. Ilikuwa na ule mwisho wa kutikisa mabega. Ilikuwa sauti ya kufika sokoni, ya kumwita mtoto kutoka kisimani kabla jua halijachwa, na Siwatu hakuwa ameisikia tangu alipokuwa wa kimo cha meza.

"Siwatu," ilisema. "Mwanangu. Nimesimama muda mrefu. Miguu inaniuma. Nipe lepe tu."

Kijiko kilikuwa hewani.